Kumimina na Kumwaga

Yumo mjini Juba kijana mmoja, karani katika duka la vifaa vya ujenzi, ambaye Kiswahili chake alikipata Kakuma, katika kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992, na ambaye kwa sababu hiyo ndiye aliyeteuliwa na wenzake kusoma karatasi ya maelekezo iliyokuja pamoja na kompyuta mpya ya hesabu. Karatasi hiyo ilifasiriwa na mtu asiyejulikana, na sharti lake la nne lilisema: “Kila umalizapo kuandika hesabu, safisha kache.” Kijana akahofu, maana kusafisha, kwa ufahamu wa kila mwenye ufagio, ni kuondoa, na ikiwa ndani ya hiyo kache imo hesabu ya mchana kutwa, basi kitakachoondolewa ni mali ya tajiri wake. Hakuisafisha. Jioni moja akaingiza stakabadhi ya mwisho, akaliona neno “imehifadhiwa” kwenye kioo, na kabla hajainua mkono jenereta ikaishiwa mafuta. Ilipowashwa tena, stakabadhi ile haikuwapo, wala ile iliyoitangulia.

Alinijia na karatasi mkononi. “Mwalimu,” akaniuliza, “kama ni kusafisha, kitabaki nini?”

Neno lililofasiriwa hivyo ni “flush” la Kiingereza, neno ambalo watu wengi wa mjini hulijua kwanza chooni, na yamkini mfasiri wetu naye alilitoa huko huko. Lakini katika elimu ya mifumo endeshi maana yake ni karibu kinyume cha kuondoa. Programu inapoagiza kuandika, mfumo hauendi mbio diskini. Huyapokea maandishi, huyaweka katika kumbukumbu ya umeme, ambayo ndiyo kache, na papo hapo humjibu mwandishi kwamba kazi imekwisha, ilhali haijaanza. Sababu si uvivu. Diski ya sahani zinazozunguka yahitaji kama milisekunde 10 kupeleka mkono wake mahali panapotakiwa, na katika muda huo kumbukumbu ya umeme ingekwisha kuhudumia maombi elfu nyingi; kwa hiyo mfumo hukusanya, hupanga, kisha hupeleka kwa mkupuo, na kupeleka huko ndiko flush. Unix ya zamani ilikuwa na mtumishi wa ndani ambaye kila sekunde 30 aliamrisha yote yaliyokusanywa yapelekwe. Linux ya leo, kwa desturi yake isipobadilishwa, huamka kila sekunde 5 na kuyachukua yale yaliyokaa zaidi ya sekunde 30. Baina ya jibu na tendo, basi, pana nafasi, na katika mji kama huu, ambao ingawa ulizinduliwa mtambo wa umeme wa megawati 33 mwaka 2019 ungali na maduka mengi yanayoishi kwa jenereta na kwa jua, nafasi hiyo yatosha kabisa kuimeza stakabadhi.

Wako wanaoiita kache kwa jina la akiba, na neno ni zuri, ila lina taksiri moja. Wahenga walituambia kwamba akiba haiozi, na hii huoza mara umeme ukatikapo. Waarabu, ambao krioli iliyotokana na lugha yao ndiyo lugha ya sokoni hapa Juba, huandika katika vitabu vyao vya fani neno lenye maana ya uwekaji hazina wa muda, na humo msikiaji wa Kiswahili atatambua jamaa zake wawili, hazina na wakati. Na tendo la flush aghalabu huliita tafrigh, yaani kuondosha kilichomo mpaka chombo kibaki kitupu, kutoka shina lile lile lililotupa sisi faragha. Tafrigh imekaribia, lakini nayo yatazama chombo kinachotolewa tu. Kile kinachopokea haikitaji.

Hapo ndipo nilipoukumbuka msamiati wa maji. Juba iko ukingoni mwa Nili, na bado nyumba zake nyingi hupata maji kwa malori ya matangi, yanayojaza mapipa uani. Kutoka pipa hutekwa kwa ndoo, na kutoka ndoo huingia mtungini. Mama wa nyumba, ikiwa ni msemaji wa Kiswahili, hatasema kamwe kwamba lori limemwaga maji pipani, isipokuwa siku bomba limepasuka na maji yamekwenda mchangani. Atasema limemimina. Kumwaga kwahitaji chombo kimoja, na kilichomwagwa aghalabu kimepotea. Kumimina kwataka vyombo viwili, na kilichomiminwa kimefika. Vitabu vya sayansi vya shule vilikwisha kulikaribisha shina hili vilipoyaita maji na mafuta vimiminika, kwa hiyo sileti mgeni. Napendekeza, basi, kumimina kwa tendo, umiminaji kwa jina, na kuiacha kache iitwe kache, kwa kuwa mafundi wamekwisha kulizoea neno hilo.

Faida ya neno hili si utamu wake bali ni swali linalolilazimisha. Mtu akikuambia amemimina, huna budi kumwuliza: kutoka wapi kuingia wapi? Na kutoulizwa kwa swali hili, ambalo Kiingereza hakikuwalazimisha mafundi kuliuliza, ndiko kulikowatia wengi katika udanganyifu kwa miaka mingi. Maana diski yenyewe ndani ya kasha lake ina kache yake, kumbukumbu ndogo ya umeme ambayo nayo hupokea upesi na kujibu upesi kabla sahani haijaguswa. Vyombo si viwili, ni vitatu, kama lori, pipa na mtungi. Programu inayojali huita amri ya fsync, na msomaji wa kawaida hudhani kwamba amri hiyo ikirudi salama maandishi yamefika mwisho wa safari. Lakini katika mfumo wa macOS, kama watengenezaji wake walivyoeleza waziwazi, fsync humimina kutoka kumbukumbu hadi diskini, nayo haiiamuru diski kumimina yaliyo tumboni mwake. Anayetaka safari yote hana budi kutumia amri ya pili, F_FULLFSYNC. Laiti amri ya kwanza ingeitwa kumimina pipani, nani angeshangaa kukuta mtungi mtupu?

Linux, kwa upande wake, ikiwa mfumo wa mafaili umewekwa sawasawa, huiagiza diski nayo imimine, na kwa kuwa agizo hilo ni ghali, limepangiwa utaratibu wenye busara. Kwa wakati mmoja umiminaji mmoja tu ndio uendao katika diski. Waombaji wanaofika ukiwa njiani hawawezi kuudai, kwa sababu hakuna dhamana kwamba maandishi yao yalikuwamo ulipoanza. Hungoja pamoja, wawe 2 au 200, na wote huhudumiwa na umiminaji mmoja unaofuata, mfano wa abiria waliofika ukingoni mashua imekwisha kung'oa nanga, wakawa hawana njia ila kuingojea nyingine, nayo ikawachukua wote kwa mkupuo. Zamani palikuwa na mtindo mwingine, wa kizuizi, ulioisimamisha foleni yote mpaka yaliyotangulia yamalizike. Mafundi waliuondoa mwaka 2010, baada ya kuona kwamba kupanga zamu ni kazi ya mfumo wa mafaili, na kwamba yatosha diski kuambiwa imimine.

Kijana wangu alinisikiliza mpaka hapo, kisha akanikamata mahali nilipokuwa dhaifu. Akasema kwamba ukimimina maji ya ndoo yote, ndoo hubaki tupu, na je, kumbukumbu nayo hubaki tupu? La, haibaki, nakala hukaa pale pale, imara kwa kuwa sasa ina mwenziwe diskini, na mfumo waweza kuisoma tena bila kurudi chini. Hilo ni pengo katika istilahi yangu, na silifichi. Nilifikiri kunakili, ambako hakuondoi kitu, lakini anayenakili hana deni, na hapa liko deni, kwa kuwa mfumo ulikwisha kumjibu mwenye mali kwamba mali yake iko salama. Nilifikiri pia kufikisha amana, nikaona ni kweli tupu lakini ni refu mno kwa kitufe. Basi nimebaki na kumimina pamoja na pengo lake.

Tukaliandika upya sharti la nne: “Kila umalizapo kuandika hesabu, mimina kache diskini, na ungoje diski ijibu.” Akaniuliza kama ziko diski zijibuzo kwamba zimemimina na hazikumimina. Nikamwambia kwamba zimepata kuonekana, na kwamba kwa tendo hilo hatuhitaji kusanifu istilahi, uwongo watosha. Akainama tena juu ya karatasi, akaongeza kwa mkono wake mwenyewe sharti la tano, kwamba tajiri anunue betri ya akiba. Na humo neno akiba nililiacha lilivyo.