Mbudya hadi Kariakoo: Siku Moja ya Kisiwa na Mji wa Kale wa Dar es Salaam

Jiji la Dar es Salaam hufahamika zaidi kwa bandari, biashara na msongamano wa magari. Hata hivyo, jiji hilo lina hazina mbili zinazoweza kutembelewa kwa siku moja: visiwa vyenye viumbe adimu na mji wa kale wenye majengo ya tangu karne ya 19. Hazina hizo zinaunganishwa na kitu kimoja, nacho ni tumbawe. Matumbawe hai ni makazi ya samaki, na mawe ya matumbawe ya kale ndiyo yaliyojenga visiwa vyenyewe na majengo ya mwanzo ya mji.

Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Baada ya kutungwa kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994, usimamizi wake uliwekwa chini ya taasisi ya Serikali inayoshughulikia hifadhi hizo. Ndani ya maeneo hayo hairuhusiwi kuvua samaki, kuvunja matumbawe wala kuokota makombe.

Safari ya Bongoyo huanzia rasi ya Msasani, na boti huchukua takriban nusu saa. Safari ya Mbudya huanzia Kunduchi, kando ya Barabara ya Bagamoyo, na ni fupi zaidi. Inashauriwa kuondoka asubuhi, kwa kuwa upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda, hususan katika msimu wa kusi. Mgeni hulipa ada ya kuingia katika hifadhi mbali na nauli ya boti, na ni haki yake kupewa stakabadhi ya Serikali na jaketi la kuokolea maisha kabla ya boti kung'oa nanga.

Mkazi maarufu wa Mbudya ni kaa wa minazi, ambaye kisayansi huitwa Birgus latro. Ndiye kaa mkubwa kuliko wote waishio nchi kavu duniani. Aliyekomaa huweza kufikia kilo 4, na urefu wa mita 1 kutoka ncha ya mguu mmoja hadi mwingine. Gando lake lina nguvu za kupasua nazi. Akiwa mchanga huishi baharini, kisha hutoka akiwa amejistiri ndani ya gamba la konokono. Akishakua hawezi tena kuishi majini, na akizamishwa kwa muda mrefu hufa. Jike pekee hulazimika kurudi ufukweni ili kuachia mayai yake baharini.

Kaa huyo hujificha mchana katika mapango ya mawe na mashina ya miti, hutoka usiku kutafuta chakula. Kwa sababu hiyo, mgeni wa mchana hana uhakika wa kumwona, na haifai kumfukua au kumtoa shimoni ili apigwe picha. Hukua polepole sana na huweza kuishi miongo kadhaa. Mmoja mkubwa akitwaliwa kwa kitoweo au chambo, kisiwa hupoteza kiumbe ambacho nafasi yake haitajazwa kwa miaka mingi. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile lilimworodhesha miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Matumbawe yanayozunguka visiwa hivyo nayo yamepitia majaribu. Joto la bahari la mwaka 1998 lilisababisha matumbawe mengi ya Afrika Mashariki kupauka na kufa, na uvuvi wa baruti uliharibu miamba iliyochukua karne kadhaa kujijenga. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo, na kuacha kifusi ambacho hakiwezi kuwa mazalia.

Alasiri, msafiri akirejea katikati ya jiji, hulikuta tumbawe tena, safari hii likiwa ukutani. Boma la Kale, lililopo Barabara ya Sokoine mkabala na bandari, lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867 kwa mawe ya matumbawe, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, aliyekusudia kujenga mji mpya jirani na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki dunia mwaka 1870 na ujenzi ukazorota, hadi Wajerumani walipouchukua mji na kuufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891.

Kutoka hapo, kwa miguu, msafiri hufika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Kanisa la Kilutheri la Azania Front, yote ya enzi za Wajerumani, kisha Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majengo mengine ya umri huo, likiwemo Salamander, yamekwisha kubomolewa.

Kumbukumbu ya wapagazi hao ndiyo inayompeleka msafiri Kariakoo, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja. Jina Kariakoo limetokana na matamshi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Ni katika eneo hilo pia chama cha TANU kilianzishwa Julai 7, 1954.

Jengo la soko, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Mtanzania Beda Amuli. Paa lake la zege, lenye umbo la miavuli iliyogeuzwa, lilibuniwa ili kukinga maji ya mvua na kuyapeleka katika tangi lililo chini ya ardhi. Moto wa Julai 10, 2021 uliliunguza soko hilo, na Serikali ikachukua hatua ya kulikarabati na kulipanua.

Soko linaweza kujengwa upya ndani ya miaka michache. Ukuta wa Boma la Kale ukibomolewa, kinachojengwa badala yake ni jengo jingine. Na tumbawe likilipuliwa, au kaa mkongwe akitwaliwa, hakuna bajeti inayoweza kumrejesha kwa wakati. Mgeni anayelipa ada, anayerudi na taka zake mjini na kuacha makombe ufukweni, huwa ametimiza sehemu yake ya uhifadhi kwa siku hiyo.