Majani Yanayopanda Mlima

Anayepanda kutoka Himo kwenda Marangu huona nyika kavu ikikoma na msitu ukianza, ila msitu huu una milango ya nyumba, mabanda ya ng'ombe na makaburi. Juu husimama miruka na miringaringa, na siku hizi migrivea yenye asili ya Australia. Chini yake kuna migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi na mboga, huku viazi vikuu vikijizungusha kwenye miti. Hiki ndicho kihamba cha Wachaga, bustani ya nyumbani ambayo kwa kawaida haifiki hekta moja, iliyoenea katika miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro, takriban kati ya mita 900 na 1,900 juu ya usawa wa bahari. Wataalamu wa mimea wamehesabu katika vihamba zaidi ya spishi 500, nyingi zikiwa zimejiotea tu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliviingiza vihamba vya Shimbwe Juu katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Pamoja na heshima hiyo imeenea sifa moja: kwamba kihamba kinaiga msitu, kwa hiyo kinajilisha chenyewe. Majani huanguka, huoza, hurutubisha mizizi, na mwenye mali kazi yake ni kuvuna. Sifa hiyo ni tamu, hasa kwa mtu anayetafuta mfano wa kufuata nyuma ya nyumba yake. Lakini historia ya kihamba inaikataa. Kihamba hakijawahi kujilisha. Kimeishi kwa vitu vilivyoletwa kutoka nje yake, maji kutoka juu na majani kutoka chini, na kila kilipodhoofika, ukichunguza utakuta mmojawapo wa mizigo hiyo umekosa mbebaji.

Maji kwanza. Miteremko ya kusini hupata mvua nyingi, lakini nyingi ya mvua hiyo huanguka Machi hadi Mei, nyingine kidogo mwishoni mwa mwaka, na katikati jua huwaka kwa miezi. Mgomba hauna subira ya miezi. Ndiyo sababu Wachaga walichimba mifongo, mifereji inayochepusha maji ya mito huko juu kwenye makorongo na kuyatembeza ubavuni mwa kilima hadi mgongoni, kisha kuyagawa kihamba kwa kihamba. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi ya Kale mwaka 1884, aliistaajabia mifereji hiyo. Haikuchorwa na mhandisi yeyote. Mchimbaji aliyafuata maji yenyewe, akiyaacha yamwonyeshe mahali ardhi inapoinama. Na kuchimba kulikuwa kazi ya mara moja tu. Kuutunza mfongo ndiko kulikodai jamii nzima, maana kila masika huuziba kwa tope na kuubomoa kingo. Ukoo wa mwanzilishi ulikuwa na sauti ya kwanza, watumiaji wote waliitwa kuuzibua, aliyekosa kufika alitozwa faini, na maji yalipatikana kwa zamu. Maji ya usiku, ambayo hakuna aliyetaka kuamka kuyatumia, yaliwekwa kwenye nduwa, bwawa dogo la udongo, yakafunguliwa asubuhi. Hapo tayari wazo la msitu unaojitosheleza limepata ufa: msitu haugawi zamu.

Mzigo wa pili haukusifiwa na wageni kiasi hicho, labda kwa sababu waliokuwa wakiubeba ni wanawake. Ng'ombe wa Mchaga hakuchungwa, alifungwa. Aliishi chini ya paa moja na familia, au bandani hatua chache kutoka mlangoni. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, enzi za vita kati ya Mamangi, watawala wa Wachaga, mifugo iliyoonekana nje ilikuwa mwaliko kwa maadui. Pili, katikati ya migomba hapakuwa na malisho. Kwa hiyo chakula kilimfuata ng'ombe alipo. Vigogo na majani ya mgomba vilimtosha kwa sehemu tu. Kilichobaki kilikatwa tambarare na kupandishwa kichwani, na baadaye, mahindi yaliposhika mashamba ya chini, mabua yake nayo yalifuata njia hiyohiyo. Nyumba iliyo katika mita 1,400 na shamba lililo katika mita 800 zinatenganishwa na mita 600 za kupanda, na mzigo wa majani mabichi si mwepesi. Majani hayo yalipitia tumboni mwa ng'ombe na kutoka kama samadi, na samadi iliwekwa shinani mwa migomba. Tukiufuata mzunguko huo kwa makini, tunaona kwamba rutuba ya kihamba ilikuwa rutuba ya nyika iliyohamishwa mlimani kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa shingo za akina mama.

Hapa mpinzani wangu atakuwa na hoja nzito: udongo wa Kilimanjaro ni wa volkano, na udongo wa volkano una utajiri wake, ya nini kutukuza kinyesi cha ng'ombe? Ni kweli udongo ule una heri kuliko mwingi wa Tanzania. Lakini hoja hiyo inaweza kupimwa, kwa sababu bustani ya namna hiyohiyo ipo mahali ambapo volkano haijasaidia. Wahaya wa Bukoba wana kibanja, nacho ni nyumba ndani ya migomba, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni. Nje ya kibanja kuna rweya, mbuga ya nyasi yenye udongo uliochoka, ambapo mgomba hauwezi kuzaa. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, aliandika mwaka 1938 kuhusu rutuba kubwa na rutuba hafifu zinazokaa jirani pale Bukoba, na maelezo ya tofauti hiyo yako kwa watu. Kibanja kilipata weusi wake kwa nyasi za rweya na kwa ng'ombe. Sotoka ilipofyeka mifugo ya nchi za Maziwa Makuu katika miaka ya 1890, haikuua ng'ombe peke yao. Ilikata samadi iliyokuwa ikivishikilia vibanja. Kwa hiyo volkano ni mtaji mzuri wa kuanzia, si zaidi. Na hata Kilimanjaro kwenyewe, ambako mvua nyingi huuosha udongo, migomba minene zaidi kwa kawaida ni ile iliyo karibu na banda. Rutuba ingekuwa ya mlima, isingejali banda liko wapi.

Kuna pia kazi isiyo ya kubeba bali ya kukata, nayo ndiyo inayokitenga kihamba na msitu kwa uwazi zaidi. Mgomba ukiachwa utatoa machipukizi mengi, yote yakigombea maji na mbolea ileile, na shina zima litajaa majani na mikungu ya vidole vyembamba. Mkulima huacha mama, mtoto na mjukuu, yaani mgomba unaozaa, unaofuata na mche mmoja mdogo, na mengine huyang'oa. Akishavuna, gogo hupasuliwa na kukatwakatwa ili likauke upesi, kwa sababu gogo bichi lililolala zima ni nyumba ya fukusi wa migomba. Majani makavu hutandazwa chini yazuie jua na magugu. Kivuli nacho hupimwa: mbuni ulio gizani hujaza majani bila kuzaa, na ulio juani huzaa kupita nguvu zake msimu mmoja, kisha matawi yakafa kuanzia nchani. Kwa hiyo matawi ya mruka na mringaringa hupunguzwa, na mruka, ulio wa jamii ya mikunde, hulipa fadhila kwa majani yanayorudisha naitrojeni ardhini. Mpakani husimama masale, ambayo Mchaga hupeleka jani lake anapoomba msamaha. Mmea mmoja unazuia ugomvi wa mpaka na kuusuluhisha ukishatokea. Maarifa haya yote ni ya mtu anayepita kihambani kila siku na panga mkononi.

Hoja nyingine inakuja kutoka upande wa wanahistoria wa uchumi: kihamba tunachokiona, wanasema, ni zao la kahawa, na kahawa ni ya juzi. Mibuni ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema katika miaka ya 1890. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza, aliwahimiza Wachaga waipande wenyewe, na walowezi wakalalamika kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa. Hofu yao nyingine, ya kukosa vibarua, haikuhitaji darubini kuonekana. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika wao mkuu. Yote hayo ni kweli, na ni kweli kwamba kahawa iliupanga upya uwanja: ulezi na mazao mengine ya msimu yalisukumwa chini zaidi. Lakini ukitazama mbuni ulipandwa wapi, utaona haukuanzisha bustani, uliingia katika bustani iliyokwishapewa kivuli, maji na samadi. Usingeenea haraka hivyo kama migomba isingekuwapo kuupokea. Kahawa iliongeza kitu kimoja ambacho bustani ya zamani haikukijua kwa kiwango hicho, nacho ni mzigo unaoondoka. Ndizi iliyoliwa nyumbani hurudisha maganda kwa ng'ombe. Mtori wa ndizi na mbege, pombe ya ndizi, havitoki nje ya kijiji. Gunia la kahawa lililopakiwa Moshi halirudi. Kwa muda pengo hilo lilizibwa kwa pembejeo za mkopo kupitia ushirika, mbolea ya dukani na mrututu wa kunyunyizia magonjwa, yaani mizigo mipya kutoka nje. Na kulikuwa na dhuluma ndani yake isiyotajwa katika sherehe za ushirika: majani yalibebwa na mke, fedha ya kahawa ilipokewa na mume.

Mizigo hiyo mipya ikayumba. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na vilirudishwa miaka ya themanini vikiwa na madeni na imani iliyopungua. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalisambaratika, na bei ikaanguka. Kuna waliong'oa mibuni wakapanda nyanya, na kuna waliokata miti ya kivuli wakauza mbao. Wengi hulaumu ufinyu wa ardhi: kihamba hugawanywa kwa wana wa kiume, mjukuu akapata kipande ambacho babu yake angekiita uwanja wa kuku. Silipingi hilo, ila halielezi yote. Kipande kidogo kilicholishwa vizuri huzaa kuliko kikubwa chenye njaa. Shida kubwa zaidi ni kwamba watu haohao waliobanana juu waliteremka pia kujaza tambarare. Palipokuwa na nyasi za kukata bure pamekuwa mashamba, kisha viwanja, na mabua ya mahindi, yaliyokuwa ya anayeyataka, yakawa bidhaa ya kupakiwa kwenye pikapu. Wasichana waliokuwa wabebe majani wapo shuleni, na hapana mwenye akili atakayewarudisha. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, ingawa desturi ya kumrithisha mwana imekuwa nzito kung'oka. Bado ni kawaida kukuta anayejua kila chipukizi la kihamba si yule ambaye jina lake limo katika hati.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa mtu wa mjini, mwenye magunia matatu ya udongo aliyopandia mchicha na ndoo ya nyanya uani kwake Dar es Salaam. Atauliza hayo ya mifongo na Mamangi yanamhusu nini. Yanamhusu, kwa kuwa hesabu ni ileile. Mchicha anaochuma leo umebeba sehemu ya udongo wa gunia lake. Vikonyo na maganda akiyatupa kwenye gari la taka, gunia limepoteza mara mbili, na baada ya misimu michache ataishtaki mbegu. Kabla ya kuuliza apande nini, angeuliza samadi yake itatoka kwa nani, na nani atamwagilia akisafiri. Mchaga alikuwa na majibu ya maswali hayo mawili kabla ya kuupanda mgomba wake wa kwanza.

Kila Desemba barabara za Rombo, Marangu na Machame hujaa magari ya wanaorudi nyumbani kwa sikukuu. Wengine hukuta vihamba vya wazazi vikiwa vya kijani kibichi tangu mpakani hadi mlangoni, vyenye kivuli kizito na ubaridi, wakapiga picha. Anayebaki kijijini huona kingine mahali palepale: mfongo umekauka tangu Agosti, banda halina ng'ombe, na kwenye kila shina machipukizi saba yamesimama pamoja, hakuna hata moja lenye mkungu.