Dada wa Kazi Hatoroki, Anakwenda Likizo

Ukifika Ujiji utaonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Makumbusho ipo, na ndani yake kuna sanamu za wazungu wawili wakisalimiana. Sawa. Lakini siku ile nyumbani kwa Livingstone alikuwepo pia mpishi wake, mwanamke aliyeitwa Halima. Stanley mwenyewe aliandika jinsi Halima alivyohangaika jikoni baada ya mgeni kuingia. Mgeni kala, kashiba, historia ikaandikwa. Halima humsikii.

Namtaja Halima kwa sababu kila mwisho wa mwaka, kwenye nyumba nyingi za Dar, Mwanza na Kigoma mjini kwenyewe, kuna kesi inayomhusu mrithi wake. Msichana wa kazi ametoka Kasulu au Kibondo, anaomba kwenda kwao. Baba na mama wanakaa kikao chumbani. Aende siku ngapi? Alipwe kwa siku hizo, au mshahara usimame? Halafu linakuja swali kubwa kuliko yote: akitoroka je?

Hebu tulishike hilo neno, kutoroka. Lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo imepita Ujiji.

Karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha pembe za ndovu na watumwa. Watu walivushwa ziwa kutoka Manyema, wakapelekwa Tabora, wengine wakafika hadi pwani. Aliyeondoka kwa bwana wake bila ruhusa alikuwa ametoroka. Hapo neno lilikuwa mahali pake. Lakini hata katika uovu ule kulikuwa na kalenda. Kwenye mashamba ya karafuu Unguja, desturi ilikuwa mtumwa anapata Alhamisi na Ijumaa alime konde lake. Haikuwa huruma, bwana alitaka mtumwa ajilishe mwenyewe. Ila siku zilijulikana. Sasa jiulize: yule dada anayeamka saa kumi na moja alfajiri nyumbani kwako, siku yake ni ipi?

Waingereza walipiga marufuku utumwa Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922. Mwaka uliofuata, 1923, wakaleta sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Humo mtumishi aliyeacha kazi kabla ya muda wake alikuwa na kosa la jinai, si mgogoro wa kazi tu. Yaani mtumwa kaondoka, neno "kutoroka" likabaki, safari hii likiwa na askari nyuma yake.

Wakati huo reli ya kati ilishafika Kigoma, tangu 1914, na taratibu mkoa ukageuzwa ghala la nguvukazi. Waha wakasafirishwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga na kwingineko, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ilikuwa moja ya sehemu walizotegemea. Kazi ilikuwa ngumu na malipo kiduchu, sina nia ya kuipamba. Lakini manamba aliyeandikishwa alikuwa na mkataba wenye mwanzo na mwisho, na safari ya kurudi kwao ilikuwa juu ya mwajiri. Mkoloni, pamoja na unyonyaji wake, alijua kwamba mtu aliyetolewa Kasulu ana kwao.

Kwa nini basi sisi tunasahau? Nadhani tatizo ni jinsi tunavyompata. Kibarua alichukuliwa na wakala. Dada wa kazi analetwa na shangazi, jirani, au mama wa kanisani. Akifika tunasema "huyu ni kama mwanetu". Maneno matamu, lakini angalia kazi yanayofanya: mtoto wa nyumbani haombi likizo, hadai malipo ya sikukuu, na akiondoka bila kuaga ni mtovu wa shukrani. Undugu unaanza pale haki inapodaiwa, na unaisha pale ada ya shule inapolipwa.

Wenyewe hawakukaa kimya siku zote. Miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar walikuwa na chama chao, na mwaka 1956 wafanyakazi wa mahoteli na majumbani waligoma. Leo CHODAWU inawahesabu pia wa majumbani.

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani. Inampa saa 24 za mapumziko kila wiki. Akifanya kazi sikukuu ya taifa, saa hizo zinalipwa mara mbili. Kwa kila mzunguko wa miezi 12 ana likizo ya siku 28 mfululizo, yenye malipo, na malipo hayo anapewa kabla hajaondoka. Akiacha kazi katikati ya mzunguko, likizo inahesabiwa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Siku 260 ni siku 20 za malipo. Tarehe anapanga mwajiri. Idadi ya siku na malipo si mambo ya kikao cha chumbani.

Utaniambia maisha magumu, na wewe mshahara haukutoshi. Nakubali. Lakini amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha dada anayelala kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi. Malipo ya likizo kwa kiwango hicho wengi wetu tunayamaliza wikiendi moja.

Na hofu ya kutorudi? Piga hesabu upande wake. Aliyeahidiwa siku tano bila malipo, safari ya treni ikala karibu zote, anarudi kufanya nini? Mwenye pesa yake mkononi na tarehe ya kurudi iliyoandikwa ana kazi ya kurudia. Akiamua kubaki kwao, ameacha kazi, kama wewe unavyoweza kuacha yako. Hakuna atakayesema umetoroka.