Makumbusho ya Lamu

Makumbusho ya Lamu ni makumbusho madogo ya historia na utamaduni yaliyoko kando ya bahari katika Mji wa Kale wa Lamu, Kaunti ya Lamu, kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya. Yanasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hayakuanzishwa kwa ajili ya bahari peke yake, lakini sehemu yake ya vyombo vya baharini ina thamani ya pekee kwa sababu inahifadhi mifano ya mtepe, chombo cha kushonwa ambacho kimekwisha kutoweka baharini.

Jengo

Jengo ni nyumba ya ghorofa ya mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa ukoloni ilitumiwa na maafisa wa utawala wa Kiingereza. Makumbusho yalifunguliwa humo mwaka 1971. Mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Mtepe

Mtepe ulijengwa hasa na mafundi wa Kibajuni na wa visiwa vya Lamu na Pate. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma. Zilitobolewa pembezoni, zikashonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na kushikizwa kwa vijiti vya mti. Tanga lake lilikuwa la mraba, lililofumwa kwa miyaa kama mkeka, tofauti na tanga la pembetatu la jahazi. Omo yake ndefu ilichongwa mfano wa shingo na kichwa. Kwa masimulizi ya wenyeji, huyo ni ngamia wa Mtume Muhammad.

Ufundi wa kushona vyombo ni wa kale sana. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja mashua za kushonwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na jina la bandari ya Rhapta linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushona.

Mshono ulikuwa na faida yake. Chombo kilicholegea kidogo hakivunjiki upesi kinapogusa mchanga au mwamba, na mtepe uliweza kuingia katika mikono ya bahari yenye maji machache kupakia boriti za mikoko za kupelekwa Mombasa na Unguja. Hasara yake ni kwamba ulivuja mfululizo, hata mabaharia walilazimika kufua maji ya ngama karibu wakati wote wa safari. Chombo kilichopigiliwa misumari kikaushinda, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ikaisha.

Anayeitazama mifano hii asiishie kwenye tanga na omo, ambavyo huvutia macho kwanza. Ainame aangalie matundu na mshono. Hata hivyo mfano una mipaka: hauvuji, wala hauonyeshi fundi alikaza kamba kwa nguvu gani. Ujuzi huo ulikuwa mikononi mwa watu, nao wameondoka nao. Zanzibar ilipotaka kujenga tena mtepe wenye ukubwa wa chombo halisi mwaka 2003, wajenzi walitegemea michoro, picha na mifano ya zamani. Mtepe huo uliitwa Shungwaya na ukawekwa katika Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Vitu vingine

Vinavyojulikana zaidi ni siwa mbili, ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu. Siwa zilipigwa katika sherehe za watawala na za koo kubwa, na ile ya Pate ina urefu wa zaidi ya mita 2. Kuna pia vitu kutoka magofu ya Takwa, na maonyesho ya shiraa, vazi la wanawake lililofanana na hema. Shiraa kwa Kiarabu ni tanga. Katika mji wa mabaharia jina hilo si ajabu.

Kutembelea

Msafiri wa barabara huvuka kwa mashua kutoka Mokowe, na wa ndege kutoka kisiwa cha Manda. Vichochoro vya mji ni vyembamba, na mizigo hubebwa na punda. Makumbusho ya Taifa yana maeneo mengine mjini, yakiwemo Ngome ya Lamu, iliyokuwa gereza hadi 1984, Nyumba ya Waswahili, na iliyokuwa posta ya Wajerumani. Mwenye siku moja tu asijaribu kuyamaliza yote.

Walimu wanaoleta wanafunzi wangefanya vyema kuanza na mifano ya mtepe, kisha kuwapeleka Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo katika kisiwa hichohicho. Huko majahazi na mashua hujengwa na kutengenezwa: mataruma, misumari ya chuma, na kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta na kugongwa kati ya mbao. Mwanafunzi aliyekwisha kuuona mshono ataielewa kazi ya msumari bila maelezo mengi. Matondoni hufikiwa kwa miguu, kwa punda au kwa mashua. Wanaokwenda kwa mashua hawana budi kuulizia kwanza saa za maji kujaa.