Kukaa Bure Chini ya Miti: Historia ya Benchi la Bustanini

Benchi la bustani ya umma ni kiti kisicho na mwenyewe. Baraza ya mawe ya Lamu au Unguja nayo hukaliwa na wapita njia, lakini imeshikana na ukuta wa nyumba, na nyumba ina mwenyewe wa kusalimiwa kwanza. Benchi la bustanini halina ukuta wala hodi. Anayelikuta tupu hukaa. Anayemkuta mtu upande mmoja hukaa upande wa pili. Wala hakuna anayeulizwa amekuja kwa nani. Kukaa hivyo, bure na bila kutoa sababu, leo huonekana jambo dogo. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani lilichukua vizazi kadhaa kupatikana, na mjini New York, ambako bustani ya Central Park peke yake ina mabenchi yapatayo 10,000, kuna mwaka ambao watu walilipigania kwa mikono yao.

Raha ya benchi la Central Park hukolea kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba. Vitabu vya shule huyaita majira hayo majira ya kupukutika majani, kwa kuwa vuli tuijuayo huku ni ya mvua. Mchana unapofupika, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani, na iliyopo huvunjika. Rangi ya njano iliyokuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, ikiwa imefunikwa, huanza kuonekana. Na katika miti kama mialoni myekundu, jani huunda na wekundu wake. Kisha kwenye shina la kikonyo hujengeka utando mwembamba wa kulitenga jani na tawi, na upepo mdogo tu humaliza kazi. Mti wa ginko huweza kumwaga karibu majani yake yote kwa siku moja, na benchi lililo chini yake likageuka manjano kabla ya jioni.

Joto la Julai huwa limeshaondoka na baridi ya Januari haijafika. Jua hupita chini, kwa mshazari, na kwa kuwa majani yamepungua, mwanga hufika mahali palipokuwa kivuli kizito miezi miwili kabla. Mtu aliyetembea nusu saa hukaa, hufungua kifungo cha koti, na kwa dakika kumi husikiliza majani makavu yakiburuzwa kwenye lami. Hakuna anachokifanya, na hiyo ndiyo raha yenyewe.

Bustani kubwa za Ulaya zilianza kama mali ya wafalme. Hyde Park ya London ilikuwa uwanja wa mfalme wa kuwindia hadi karne ya 17, ilipofunguliwa kwa umma. Bustani ya Tuileries mjini Paris ilikuwa ya kasri. Watu waliporuhusiwa kuingia, waliruhusiwa kutembea. Kukaa kulikuwa shauri lingine. Tangu karne ya 18 viti vya bustani za Paris vilikodishwa. Baadaye kazi hiyo ikajulikana kuwa ya wanawake, wakiitwa kwa Kifaransa chaisières, waliozunguka kati ya viti wakikusanya senti na kutoa tiketi. Asiyekuwa na senti alisimama au aliendelea na safari. Ukodishaji huo haukufa upesi: katika bustani ya Luxembourg uliendelea hadi miaka ya 1970.

Fikra ya kiti cha bure ililetwa na karne ya viwanda. Miji ya Uingereza ilijaa moshi na watu, na mwaka 1833 kamati ya bunge ikaeleza kwamba wafanyakazi hawakuwa na mahali pa wazi pa kutembea siku yao ya mapumziko. Mwaka 1840 Joseph Strutt, mwenye viwanda vya nguo, aliupa mji wa Derby bustani iliyosanifiwa na John Claudius Loudon. Hata humo kuingia bure kulikuwa Jumapili na Jumatano tu. Siku nyingine watu walilipa. Hatua iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi: Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, ilifungua mwaka 1847 bustani iliyojengwa kwa fedha za umma, wazi kwa kila mtu. Mmarekani kijana aitwaye Frederick Law Olmsted aliitembelea mwaka 1850 na kurudi kwao akiwa amevutiwa nayo mno.

Viwanda vilivyochafua hewa ndivyo pia vilivyoleta mabenchi mengi kwa mpigo. Chuma kikiyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, miguu elfu moja inayofanana hupatikana kwa gharama ambayo fundi wa kuchonga mawe asingeiweza. Kampuni ya Coalbrookdale ya Uingereza iliuza mabenchi ambayo chuma chake kilisubiwa kwa umbo la majani ya kangaga na matunda ya mwituni. Paris nayo, chini ya gavana Haussmann aliyeshika madaraka mwaka 1853, ilipanda miti kando ya barabara zake mpya na kuweka chini yake mabenchi yaliyochorwa na msanifu Gabriel Davioud. Benchi lake maarufu lina viti viwili vilivyopeana mgongo, na egemeo ni moja kwa pande zote mbili: papi za mwaloni zilizopakwa rangi ya kijani, zimefungwa kwenye vyuma vyenye nembo ya mji. Watu wanne wasiojuana huweza kukaa hapo, wawili wakitazama magari na wawili wakitazama maduka, bila jicho la mmoja kukutana na la mwenzake wa nyuma. Mabenchi ya mtindo huo bado yako Paris hadi leo.

Central Park ilizaliwa katikati ya wimbi hilo. Sheria ya kutenga ardhi yake ilipitishwa mwaka 1853, na eneo lililotengwa hatimaye likafikia hekta 341 hivi. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwamo Seneca Village, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1825 na Wamarekani Weusi walionunua viwanja vyao kihalali, wakajenga nyumba, makanisa na shule. Waliondolewa wote kufikia mwaka 1857. Bustani ya watu wote ilianza kwa kuwahamisha watu, na jambo hilo halina budi kutajwa kila historia yake inaposimuliwa.

Olmsted na mwenzake Calvert Vaux walishinda shindano la ramani mwaka 1858. Njia zao karibu zote zinapinda, ili mtembezi asione mwisho wa safari yake mapema. Njia moja tu waliinyoosha makusudi: iitwayo Mall, yenye safu za miti ya elmi pande zote mbili na safu ndefu za mabenchi chini yake. Matawi hukutana juu kama dari ya msikiti mkubwa. Elmi za Amerika ziliteketezwa kwa wingi na ugonjwa wa kuvu uliofika nchini humo kwenye miaka ya 1930, na za Central Park ni miongoni mwa kundi kubwa la mitaani na bustanini lililosalia. Katika wiki za mpukutiko majani yao hugeuka dhahabu iliyopauka, na wanaokaa kwenye mabenchi ya Mall huwa chini ya moja ya safu chache za namna hiyo ambazo Wamarekani bado wanazo.

Mabenchi hayo yalikuwa ya bure tangu mwanzo. Mwaka 1901 mtu aitwaye Oscar Spate alijaribu kubadili hali hiyo. Aliwaambia wakuu wa bustani kwamba miji iliyostaarabika, London na Paris, hukodisha viti, na akaomba kibali cha kuweka vyake. Kamishna wa bustani, George Clausen, alimpa kwa dola 500 kwa mwaka. Mwezi Juni viti vya Spate, vizuri na vipya, vilitokea Central Park na kwenye bustani ndogo ya Madison Square: senti 5 kwa kiti chenye mikono, senti 3 kwa cha kawaida. Wahudumu wake walipita wakidai malipo, na asiyelipa aliondolewa.

Kisha likaja joto. Mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai mwaka huo wimbi la joto kali liliua watu wengi mashariki mwa Marekani. Familia zilizokuwa zikiishi katika vyumba vya kupanga visivyo na dirisha la maana zilikimbilia bustanini kutafuta pumzi, na huko zikakuta viti vya Spate viko kivulini, na mabenchi ya bure yako juani. Senti 5 wakati huo haikuwa pesa ya kuchezea kwa fundi cherehani mwenye watoto wanne. Watu walikaa kwenye viti na kukataa kulipa. Wahudumu walipojaribu kuwatoa, umati uliwazunguka. Viti vikavunjwa, polisi wakaitwa, na Madison Square ikawa na vurugu siku kadhaa mfululizo. Kabla ya Julai kwisha Clausen aliufuta mkataba.

Inafaa kusimama hapa kidogo, kwa sababu kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha magazeti. Hakikuwa kichekesho. Waliogoma kulipa walikuwa wakitetea kanuni iliyokuwa haijaandikwa popote kwa maneno ya wazi: kwamba kivuli cha mti uliopandwa kwa kodi ya watu ni cha watu, na mchovu hakatiwi tiketi. Tangu hapo hakuna aliyefanikiwa kukodisha mabenchi ya Central Park.

Ubaya wa kumzuia mtu kukaa ulionekana wazi zaidi kwingineko. Ujerumani ya Wanazi, kwenye miaka ya 1930, iliwakataza Wayahudi kukalia mabenchi ya kawaida. Berlin iliwatengea machache yaliyopakwa rangi ya manjano. Afrika Kusini ilipitisha mwaka 1953 sheria ya kutenganisha huduma, na maneno ya ubaguzi yakapigwa kwenye mabenchi ya bustani, stesheni na fukwe hadi sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1990. Cape Town imeweka mabenchi ya namna hiyo nje ya jengo la mahakama katika barabara ya Queen Victoria, yakiwa na maandishi yaleyale, ili anayepita ayasome.

Umbo la benchi la Central Park linalojulikana leo lina asili zaidi ya moja. Kwenye vichaka vya sehemu yake iitwayo Ramble yapo ya magogo yasiyorandwa, kwa mtindo wa siku za Olmsted. Mengi zaidi ni ya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1939, wakati Robert Moses akiwa kamishna wa bustani: papi za mbao, na mikono ya chuma iliyokunjwa kuwa duara kamili, kama pete kubwa iliyosimamishwa wima. Duara hilo ni zuri kwa macho na hufaa kwa mzee anayetaka kushika kitu ili ainuke. Pia humzuia mtu kulala.

Benchi la ajabu kuliko yote liko katika Shakespeare Garden, upande wa magharibi wa bustani. Lilijengwa mwaka 1936 kwa mawe ya matale kumkumbuka Charles Stover, aliyewahi kuwa kamishna wa bustani, nalo limepinda kama mwezi mchanga, urefu wake mita sita hivi. Mtu akikaa ncha moja na kunong'ona akiwa ameelekea kwenye jiwe, sauti hufuata mpindo wa egemeo na kumfikia aliye ncha ya pili, ikiwa safi, huku aliyesimama katikati ya njia akiwa hasikii kitu. Watoto huligundua jambo hilo kwa kucheza. Wapenzi hulijua kwa kuambiwa.

Miaka ya 1970 iliyakuta mabenchi haya vibaya. Mji ulikaribia kufilisika mwaka 1975, wafanyakazi wa bustani walipunguzwa, na papi zilizovunjika ziliachwa jinsi zilivyo. Mwaka 1980 iliundwa Central Park Conservancy, taasisi ya kuchangisha fedha binafsi, na mwaka 1986 ikaanzisha mpango wa watu kulea mabenchi. Anayetoa kiasi kilichowekwa, ambacho siku hizi hufikia maelfu ya dola, hufungiwa kwenye papi ya egemeo kibati kidogo cha chuma chenye maneno aliyoyachagua. Fedha hutunza benchi na bustani. Maelfu ya vibati vimeshafungwa: vya wazazi waliofariki, vya ndoa za miaka hamsini, vya uchumba uliokubaliwa papo hapo, na hata vya mbwa. Mtu akitembea polepole kwenye Mall akivisoma, hupita katikati ya makaburi yasiyo na maiti ndani yake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 mtafiti William H. Whyte alikuwa akipiga filamu viwanja vya New York ili ajue kwa nini vingine hujaa watu na vingine hubaki vitupu. Katika kitabu chake cha mwaka 1980 alionyesha jibu ambalo mabibi wa mitaani wangeweza kumpa bila kamera: watu hukaa palipo na mahali pa kukaa. Kwa sehemu kutokana na kazi yake, mji uliwataka wenye majengo marefu waweke viti kwenye viwanja vyao. Hata hivyo miji mingi imeendelea kuongeza vyuma katikati ya mabenchi ili wasio na makazi wasijinyooshe, na matokeo yake ni benchi linalomtesa pia mjamzito na mgonjwa wa mgongo.

Katikati ya Novemba jua la New York huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Wafanyakazi wa bustani huwa wamekwisha kusukuma majani kando ya njia, na mengi hugeuzwa mboji. Aliyelipia kibati cha mama yake hufika saa tisa na kumkuta mgeni amekalia benchi lile, ameegemea jina lile, anakula ndizi. Kulilea benchi hakumpi mtu haki ya kulimiliki. Hukaa upande wa pili, au huenda kwenye benchi linalofuata.