Mcheza kwao hutuzwa. Na akicheza ugenini?

Kuna zile video za harusi ambazo lazima ushapatana nazo. Bibi harusi yuko katikati ya ukumbi, wageni wamepanga foleni, kila mtu na noti mkononi. Mmoja anaingia, anacheza naye nusu dakika, anatoka, mwingine anaingia. Kama ni harusi ya Ufilipino au Meksiko, noti zinashikizwa kwa pini kwenye gauni na suti. Kama ni ya Nigeria, zinamwagwa juu ya maharusi kama mvua. Kama ni ya Wapolandi wa Marekani, kuna mama amesimama kando na aproni, anakusanya.

Na huku kwetu, mtu akiiona tu, swali ni lile lile: kwani wanauza bibi?

Nimekaa na hilo swali kwa muda, na jibu langu ni hapana. Lakini pia sikubaliani na wale wa "ni upendo tu". Hii kitu ni hesabu. Ni njia ya watu wasio na benki kuanzishia vijana wao nyumba. Na wahenga wetu walishaifupisha kwa maneno matatu: mcheza kwao hutuzwa. Hiyo methali tumeizoea mpaka hatuisikii tena. Hebu angalia neno la katikati. Hawakusema mcheza vizuri hutuzwa. Walisema kwao.

Ili uone uzito wa hilo neno, twende Chicago, mwaka wa 1904.

Mwaka huo kijana mmoja mwandishi, Upton Sinclair, umri wake miaka 26, alikaa kama wiki saba kwenye mtaa wa wafanyakazi wa machinjio ya Chicago. Gazeti moja la kisoshalisti, Appeal to Reason, lilitaka aandike kuhusu maisha ya pale. Mtaa ulijaa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki: Walithuania, Wapolandi, Waslovakia. Siku moja akaona watu wa harusi wakiingia chumba cha nyuma cha baa. Naye akaingia, akatafuta pa kukaa, akatazama kwa saa nyingi. Kutoka hapo akapata sura ya kwanza ya riwaya yake The Jungle, ambayo ilitoka kama kitabu mwaka wa 1906.

Maharusi wa kwenye kitabu ni wa kubuni: Jurgis, jamaa mkubwa mwenye nguvu za fahali, na Ona, msichana mdogo ambaye hajafika hata miaka 16. Wote ni Walithuania. Lakini ile densi ya pesa imeelezwa na mtu ambaye alikuwa ameketi ukumbini.

Inaenda hivi. Wageni wanashikana mikono, wanafanya duara kubwa linalozunguka. Bibi harusi yuko ndani ya duara. Wanaume wanaingia mmoja mmoja, kila mtu anacheza naye dakika chache, kama anavyopenda. Akimaliza, anajikuta uso kwa uso na mama wa makamo ameshika kofia. Ni mama wa kambo wa bibi harusi. Ndani ya hiyo kofia unatumbukiza dola moja, au tano, kulingana na uwezo wako. Hii densi inaendelea kwa saa tatu au nne.

Sasa fanya hesabu. Harusi yenyewe, chakula, pombe, wanamuziki, ukumbi, ingegharimu dola 200, pengine 300. Sinclair anasema dola 300 ni zaidi ya kipato cha mwaka mzima cha wengi waliokuwa kwenye kile chumba. Mwaka mzima, manze. Hakuna mtu angeweza kubeba mzigo kama huo peke yake. Lakini hata hawakukusudia kuubeba peke yao. Mpango ulikuwa kwamba kofia italipa karamu, na ibaki kitu kidogo cha maharusi kuanzia maisha.

Kijijini Lithuania huo mpango ulikuwa na maana kamili. Kila mgeni ni jirani. Leo anatoa kwa binti yako, kesho kutwa utatoa kwa binti yake. Ukila na usitoe, utaishi na hayo macho miaka 40 kanisani, sokoni na kisimani. Hakuna aliyeandikiana mkataba, na hakukuwa na haja. Kijiji kizima ndicho kilikuwa mkataba. Ndiyo maana duara ni muhimu: unalipa huku watu wote wanakuona. Na ndiyo maana anayeshika kofia si bwana harusi. Ni mama wa familia, mtu ambaye huwezi kumkwepa macho.

Kwa hivyo, wanauza bibi? Hapana. Zile dakika mbili za densi ni risiti.

Lakini Chicago haikuwa kijiji. Na hapa ndipo story inauma.

Kwenye kile chumba waliingia pia vijana waliozoea jiji. Hawakuwa na deni na familia ya Ona, na hawakutarajia kuwa nalo. Walikula wakashiba, wakanywa, halafu wakaanza kuteleza. Sinclair anaeleza mbinu yao moja: jamaa anarusha kofia ya rafiki yake nje ya dirisha, wote wawili wanatoka kuitafuta, na hawarudi tena. Wengine hawakujisumbua hata kuigiza. Walitoka kikundi kizima mbele ya macho ya wenyeji, wakiwacheka. Naye mwenye baa, ambaye anajua hawa watu hawana wa kuwatetea, anawauzia pipa la bia nusu tupu kwa bei ya pipa zima.

Asubuhi kofia ilikuwa nyepesi. Jurgis na Ona walianza ndoa wakiwa na deni la zaidi ya dola 100. Hakukuwa na fungate. Kesho yake ni kazi, na ukichelewa dakika moja unakatwa mshahara wa saa nzima. Kwa muda uliobaki wa riwaya unaona hii familia ikisagwa kidogo kidogo. Deni la harusi si sababu pekee, kuna mshahara mdogo, ajali kazini, nyumba waliyotapeliwa. Lakini deni ndilo lilikuwa la kwanza mlangoni.

Cha kushangaza ni vile dunia ilisoma hicho kitabu. Wamarekani walishtuka kuhusu uchafu kwenye nyama yao. Tarehe 30 Juni 1906 sheria mbili zikatiwa sahihi, moja ya ukaguzi wa nyama na nyingine ya usafi wa vyakula na dawa. Sinclair mwenyewe alilalamika baadaye kwamba watu walijali matumbo yao kuliko wale wafanyakazi. Harusi ikasahaulika.

Lakini densi yenyewe haikufa. Kwenye miji ya Marekani ambapo Wapolandi walikaa pamoja vizazi na vizazi, kama Chicago, Detroit, Milwaukee na Buffalo, densi ya dola iliendelea kuwa sehemu ya harusi. Kwa nini iendelee? Nadhani ni kwa sababu hao watu walijijengea "kwao" upya. Walijenga parokia. Walianzisha vyama vya kusaidiana ambavyo vililipa familia mtu akifa, kwa mfano Polish National Alliance ya mwaka wa 1880. Walithuania pia walianzisha chao, mwaka wa 1886. Mgeni wa harusi akawa tena mtu unayejua nyumba yake, na mtoto wake atacheza densi hiyo hiyo. Kofia ikapata tena macho ya kuilinda.

Rudi nyumbani sasa, kwa sababu sisi pia tuko na kofia zetu.

Pwani kuna kutuza. Kwenye taarabu mtu anainuka pole pole, anaenda kwa madaha hadi mbele ya mwimbaji, anampa noti, na wote wanaona ni nani ametoa na kwa ubeti gani. Wajaluo wana pakruok: unatoa pesa, muziki unasimamishwa, unajisifu au unasifiwa, halafu ngoma inaendelea. Pesa, muziki, na macho ya watu wako. Wazo ni moja, ingawa hakuna aliyeiga mwingine.

Na kwenye harusi, kofia yetu ya siku hizi ni grupu la WhatsApp. Kamati inaundwa, mweka hazina anachaguliwa, namba ya M-Pesa inabandikwa. Halafu ile orodha inaanza kuzunguka, jina na kiasi, jina na kiasi, kila anayetuma anaongezwa chini. Ile orodha ndiyo duara la Walithuania. Uko ndani, watu wote wanakuona.

Shida ni kwamba huduma kama M-Pesa, tangu ianze 2007, imefanya kutoa kuwe rahisi hata kwa mtu hujawahi kukanyaga kwake. Kwa hivyo tunaongeza kwenye grupu watu 200: wa kazini, wa chuo, wa ploti ya zamani, jamaa ulipatana naye mara moja Naivasha. Halafu tunapanga harusi ya watu 200 tukihesabu ngiri mbili mbili za watu ambao hatuna historia nao. Nusu wanatoka grupu kimya kimya usiku. Hiyo ndiyo kofia iliyorushwa dirishani. Tofauti ni kwamba siku hizi haihitaji hata dirisha.

Na wale wanaobaki, wengine wanakopa kwa app za mkopo ili jina lao lisikose kwenye orodha. Maharusi nao wanakopa kuziba pengo, kwa sababu hema na magari yashalipiwa nusu. Ndoa inaanza vile ya Jurgis ilianza. Tunaendelea kulaumu "watu wa siku hizi", eti hawana moyo. Mimi naona wana moyo, lakini hawana deni na wewe. Hivyo vitu ni viwili.

Sisemi tuache kuchanga, wala kucheza. Naijeria walijaribu njia ya sheria: sheria ya benki kuu yao ya 2007 inakataza kumwaga noti za naira na kuzichezea juu, na adhabu inaweza kuwa jela miezi sita au zaidi. Bado noti zinamwagwa harusini. Watu wanapenda kutuzana, na sioni ubaya.

Ninachosema ni tuhesabu "kwao" kabla ya kuhesabu viti. Mama zetu wengi wana lile daftari la zamani lenye majina: fulani alileta mchele, fulani shilingi mia tano, mwaka fulani. Tunawacheka eti wanaweka kinyongo. Kumbe ile ni benki. Kila jina pale ni mtu ambaye akiitwa atakuja, au ambaye anangoja kuitwa. Kabla hujafungua grupu, chukua karatasi uandike wale ulisimama nao: ulienda matanga yao, ulichanga karo ya mtoto wao, walikupeleka hospitali. Wakiwa 40, una harusi ya watu 40, na itapendeza. Fungua duara, weka muziki, mpe shangazi kofia. Bibi harusi akichoka, akae chini, na asiulizwe.

Ona alicheza saa tatu au nne kwa miguu midogo, katikati ya watu ambao nusu yao hawakujua jina lake. Hakucheza vibaya. Alikuwa mbali na kwao.