Mahafali Kabla ya Pepa: Utani wa Kuagana wa Fomu Foo Ulikotoka

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa au wa kumi. Maturubai yamefungwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa, spika zinaunguruma tangu asubuhi. Wazazi wamekuja na mataji ya maua na zawadi zilizofungwa kwenye karatasi za kung'aa. Mgeni rasmi anasimama, anawapongeza vijana wa kidato cha nne kwa kuhitimu. Makofi, vigelegele, picha.

Shida ni moja tu: pepa bado! Mtihani wa taifa ni Novemba.

Hakuna mtu anayekula pilau la harusi kabla ya posa kujibiwa, lakini mahafali ya fomu foo Tanzania ndivyo yalivyo. Unapongezwa kwanza, halafu ndiyo unaenda kujua kama ulistahili. Kwa hiyo ukiona madenti wanacheka mpaka machozi siku ile, usidhani ni furaha tupu. Wanacheka na hofu wameiweka mfukoni.

Na kila darasa lina mmoja anayewachekesha. Yule jamaa wa dawati la nyuma. Hesabu hajui, ila sauti ya kila ticha anaiweza. Jina lake hubadilika kila shule na kila mwaka, kazi yake haibadiliki.

Pepa zilipokuwa zinapanda meli

Turudi nyuma kidogo. Sekondari ya serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, na hapo mwanzo ilikuwa hasa kwa ajili ya watoto wa machifu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, sekondari za nchi nzima zilikuwa za kuhesabika, na mtihani wa mwisho ulikuwa wa Cambridge. Unajibu maswali Tabora au Minaki, karatasi inavuka bahari kwenda kusahihishwa na mtu asiyejua hata dona ni nini. Baada ya hapo likaja baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Tanzania ikaanzisha Baraza lake la Mitihani kwa sheria ya Bunge. Hilo ndilo NECTA la leo, lile linalofanya watu wazima waote ndoto za kuchelewa kwenye chumba cha mtihani.

Miaka ile kufika fomu foo kulikuwa bahati nasibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kati ya kila watoto mia waliomaliza darasa la saba, waliopata nafasi sekondari hawakufika hata kumi. Kwa hiyo aliyevaa sare ile alikuwa amebeba kijiji kizima mgongoni. Akifeli, hafeli peke yake.

Tena sekondari nyingi za serikali zilikuwa za bweni, na wanafunzi walichanganywa makusudi. Mtoto wa Bukoba anapangiwa Songea, wa Mtwara anapelekwa Musoma. Ilikuwa siasa ya kujenga taifa, na ilifanya kazi: Mhaya na Mmakonde walilala kitanda cha juu na cha chini, wakala maharage ya sufuria moja. Baada ya Mwalimu Nyerere kutoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, wakalima shamba moja pia. Jembe likawa mali ya mwanafunzi kama kalamu. Vichekesho vingi vya bweni vilizaliwa shambani, kwa sababu huko ndiko wale vigogo wa hesabu walikoonekana hawajui hata kushika mpini.

Halafu siku ya mwisho inafika. Mmoja anapanda treni kwenda Kigoma, mwingine anasubiri meli Mwanza, mwingine yuko juu ya lori la mahindi. Simu ya mkononi haipo. Ilianza kuingia nchini katikati ya miaka ya 1990, na hata hapo ilikuwa ya wenye nazo. Ukiagana na rafiki getini, uwezekano wa kutomwona tena maisha yako yote ulikuwa mkubwa kweli.

Otografu, profaili ya kabla ya profaili

Ndiyo ikawepo otografu. Daftari dogo, jalada limepambwa kwa picha za magazeti, kila ukurasa wa mtu mmoja. Desturi yenyewe ni kongwe: wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani walikuwa na vitabu vya namna hiyo tangu karne ya 16. Lakini otografu ya bwenini ilikuwa na utamu wake. Jina kamili. Jina la utani. Rangi uipendayo. Chakula ukipendacho, na hapo nusu ya darasa waliandika makande kwa kejeli. Ndoto yako ya baadaye. Mwisho kabisa, kwa mwandiko wa kujitahidi, anwani.

Anwani ndiyo ilikuwa moyo wa ukurasa. Barua hazikuletwa mlangoni, zilikwenda kwenye sanduku la posta, na familia nyingi hazikuwa nalo. Kwa hiyo denti aliandika S.L.P. ya parokia, ya msikiti, ya shule ya msingi anakofundisha mjomba, au ya ofisi anakofanya kazi jirani. Mtu mzima alikuwa anapatikana kupitia jirani yake!

Pale juu utani, pale chini anwani. Ndivyo kurasa nyingi zilivyokuwa. Anakukumbusha siku ulivyosinzia prepo ukaanguka na dawati, anakuita kwa lile jina ulilopewa ulipokuwa njuka na ambalo ulidhani limesahaulika, halafu mstari wa chini anakuandikia S.L.P. Yaani anakutania ili umkumbuke, na anakupa njia ya kumtafuta ukimkumbuka.

Mtani halii, mtani anachekesha

Hapa ndipo mambo ya shule yanakutana na ya nyumbani. Watanzania wana utani tangu kabla ya shule za wakoloni. Wachaga na Wapare wanataniana. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana, na utani wao huhusishwa na misafara ya wapagazi waliokuwa wanashuka kutoka Unyamwezi kwenda Pwani katika karne ya 19. Jambo hili lilimshangaza hata mtafiti R. E. Moreau, aliyechapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944.

Kazi kubwa ya mtani inaonekana msibani. Watu wanalia, yeye anaingia na vituko. Anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea. Anaweza kushuka kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Mgeni atadhani amekosa adabu, wenyeji wanajua anawapa wafiwa nafasi ya kupumua. Kwa dakika mbili mjane anacheka, na dakika mbili zile zinamsaidia kuufikia usiku.

Sasa mwangalie yule jamaa wa dawati la nyuma siku ya mahafali. Anafanya nini? Kazi ileile.

Koti la hedi

Kilele chake ni igizo. Ratiba inasema kwaya, ngonjera, igizo, risala. Ngonjera zenyewe zina historia: Mathias Mnyampala alizikuza miaka ya 1960, na baada ya Azimio la Arusha zikatumika sana kueneza siasa ya Ujamaa shuleni. Kwa hiyo jukwaa la shule lilianza kama mahali pa kusema yanayotakiwa kusemwa. Madenti wakajifunza kupenyeza na yasiyotakiwa.

Jamaa anatokea amevaa koti kubwa kama la mkuu wa shule, chaki nyuma ya sikio, fimbo kwapani. Hajasema neno, uwanja mzima umeshalipuka, kwa sababu amepata ule mwendo. Anamaliza mkuu wa shule, anahamia kwa ticha wa nidhamu, kisha kwa ticha wa fizikia ambaye kila sentensi yake inaanza na neno lilelile. Walimu wa meza ya mbele wanacheka wakitazamana, kila mmoja anaomba asiwe anayefuata.

Usione ni jambo dogo. Mwanafunzi anaondoka na cheti cha kuhitimu ambacho kina sehemu ya tabia, na sehemu hiyo inajazwa na walewale anaowaigiza. Miaka minne hakuwahi kuwajibu hata nusu neno. Siku hii moja anaruhusiwa, kwa masharti ambayo hayajaandikwa popote: chekesha, usidhalilishe. Mwendo wa ticha ruksa. Ndoa ya ticha, hapana. Wanaojua kutania wanaujua mpaka huo bila kufundishwa.

Kisha inasomwa risala. Maabara haina vifaa, uzio hakuna, walimu wa sayansi hawatoshi. Mgeni rasmi anaahidi mifuko ya saruji. Hapo wahitimu wanacheka kwa mara ya mwisho, kimyakimya, kwa sababu waliowatangulia nao waliahidiwa.

Shati jeupe na marka pen

Kabla sare haijarudi nyumbani kuna shati. Siku ya pepa la mwisho marka zinatoka mifukoni, shati jeupe linageuka otografu ya kuvaliwa. Saini, majina ya utani, mioyo iliyopinda, ujumbe mgongoni ambao mwenye shati atausoma akifika nyumbani, tena pengine mama ataanza kuusoma yeye. Shule nyingi zinakataza. Na ni kweli, shati lile lingeweza kumfaa mdogo mtu. Ndiyo maana wengine walikuwa wanaazima la zamani lenye kola iliyochanika, ili waandikwe bila kuharibu la mdogo wao.

Kicheko kilipogeuka

Miaka ya 2000 mambo yalibadilika kwa kasi. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulianza mwaka 2004, shule za kata zikaota kila mahali, na kufikia 2010 nchi ilikuwa na sekondari zaidi ya 4,000. Watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba walipata dawati. Walimu hawakutosha, na waliopewa mafunzo ya haraka haraka mtaani wakaitwa voda fasta. Utani huo ulichekesha kila mtu isipokuwa walimu wenyewe na madenti waliokuwa wanawategemea.

Februari 2013 yakatoka matokeo ya mtihani wa 2012. Zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata ziro. Serikali iliyafuta na kuagiza yapangwe upya, na hata baada ya hapo ziro ziliendelea kuwa rundo. Katika miaka hiyo Baraza la Mitihani lilitangaza pia kufuta matokeo ya watahiniwa walioandika matusi kwenye karatasi za majibu. Mtandaoni watu walicheka sana. Lakini denti anayemtukana msahihishaji asiyemjua kwa kawaida ameshajua hana cha kuandika. Hapo utani ulikosa mtani. Hakukuwa na mtu wa upande wa pili wa kucheka naye.

Na kuna ambao hawakusomwa kabisa. Kila mahafali ina majina yaliyoanza fomu wani na hayapo kwenye orodha. Ada iliisha, mzazi alifariki, na kwa wasichana wengi, mimba. Kwa miaka mingi aliyepata mimba alikuwa anafukuzwa shule, mpaka Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi baada ya kujifungua. Bweni linajua kitanda kilichokuwa cha nani. Hata mchekeshaji jina hilo halitanii.

Grupu

Leo anwani imekuwa namba ya simu, otografu imekuwa grupu la WhatsApp lenye jina la shule na mwaka. Mabadiliko ya sera ya elimu ya mwaka 2023 yanataka elimu ya lazima iwe miaka 10, kwa hiyo fomu foo inaelekea kuwa kituo cha kila mtoto na sio cha wenye bahati tu. Watakaoagana getini watakuwa wengi kuliko wakati wowote.

Na grupu lenyewe unalijua. Miezi inapita kimya, salamu za sikukuu tu na tangazo la mtu anauza kiwanja. Halafu usiku mmoja unaingia ujumbe mzito: mwenzetu hatunaye. Mweka hazina anaandika namba ya kutuma rambirambi. Majina yanajipanga moja baada ya jingine, pamoja na kiasi. Hakuna anayejua aseme nini.

Hapo ndipo anaibuka yule jamaa wa dawati la nyuma, ambaye sasa ana kipara na watoto watatu. Anaandika kumbukumbu moja: marehemu, fomu tuu, na ndoo ya uji iliyopotea jikoni siku ya ukaguzi. Kimya kidogo. Kisha mmoja anacheka, na mwingine, na mwingine anasema kumbe ndoo ilikuwa kwao. Michango inaendelea.